Wendell Scott: Makanika wa Danville aliyeshinda mbio, kombe likaenda na msee mwingine

Kuna wasee wachache sana kwenye historia ya michezo walioshinda mbio, wakatazama mtu mwingine akipewa kombe, kisha usiku wakaambiwa, "Pole, kumbe ni wewe ulishinda." Wendell Scott ni mmoja wao. Alikuwa makanika wa mtaa na dereva wa viwanja vidogo vya Virginia, na ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza kushinda mbio kwenye divisheni ya juu ya NASCAR. Hiyo ilikuwa mwaka wa 1963. Kombe lenyewe? Familia yake ililipata 2021, yeye akiwa amelala kaburini zaidi ya miaka 30.

Ukiangalia tu rekodi utaona ushindi 1 na useme huyu hakuwa moto sana. Tulia kidogo, usome hadi mwisho.

Wendell Scott kwa ufupi

- Jina kamili: Wendell Oliver Scott
- Kuzaliwa: 29 Agosti 1921, Danville, Virginia, Marekani
- Kufariki: 23 Desemba 1990, Danville
- Familia: alimuoa Mary Coles 1943, wakajaliwa watoto 7
- Namba ya gari anayokumbukwa nayo: 34
- Mbio za divisheni ya juu: 495, kati ya 1961 na 1973
- Ushindi: 1
- Tano bora: mara 20
- Kumi bora: mara 147
- Taji la mkoa: bingwa wa Sportsman, jimbo la Virginia, 1959
- Heshima: Ukumbi wa Mashujaa wa NASCAR, 2015

Stoki kaa ni mbio gani?

Hapa kwetu ukitaja mbio za magari, akili inaenda Safari Rally: vumbi la Naivasha, gari moja moja likikimbizana na saa. Stoki kaa si hivyo. Magari yote yanaanza pamoja, yanazunguka uwanja wa duara, yanasukumana mabega kama mathree za Jogoo Road jioni, na anayemaliza raundi zote kwanza ndiye mshindi. Zamani gari lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa la barabarani, ila fundi amelikaza injini na kulipunguzia uzito.

NASCAR ilisajiliwa Februari 1948, bosi akiwa Bill France. Juu kabisa kulikuwa na Grand National, ambayo siku hizi inaitwa Cup Series. Chini yake kulikuwa na madaraja kama Sportsman na Modified, yaliyokimbiwa wiki baada ya wiki kwenye viwanja vidogo vya mikoani. Ichukulie kama ligi ya kaunti na ligi kuu. Nje ya NASCAR pia kulikuwa na saketi za watu binafsi, kila moja na promota wake.

Halafu shika hii: enzi hizo hakukuwa na kifaa cha elektroniki cha kuhesabu raundi. Watu walikaa pembeni na karatasi na kalamu, gari likipita wanaandika. Hiyo kalamu ndiyo ilikuja kuleta soo.

Mtoto wa makanika

Danville ulikuwa mji wa tumbaku na viwanda vya nguo. Kijana mweusi hapo alikuwa na njia chache za kutafuta riziki, na nyingi zilikuwa za kumtumikia mtu mwingine. Buda yake Wendell alikuwa dereva na makanika wa familia za wazungu wenye pesa, na mtoto akajifunzia injini hapo hapo. Alichokataa mapema ni maisha ya kiwandani. Alitaka kuwa bosi wake mwenyewe.

Akaendesha teksi, na rekodi yake ya kushikwa kwa mwendo kasi ikawa ndefu. Vita Kuu ya Pili ilipofika akaingia jeshi, akapelekwa Ulaya akitengeneza magari, kwenye vikosi ambavyo wazungu na weusi walikuwa wametenganishwa. Aliporudi akafungua gereji yake Danville.

Magendo ya pombe

Gereji haikuwa inaingiza chapaa ya kutosha, kwa hivyo usiku Wendell alikuwa na hasol nyingine: kusafirisha pombe haramu, yaani chang'aa ya huko. Mchezo ulikuwa hivi. Unachukua gari linaloonekana la kawaida, unalipa injini ya balaa na springi ngumu za nyuma ili mzigo usilifanye lilale, kisha unapita njia za ndani usiku makarao wakikufuata. Ukizembea kwenye kona moja, unalala ndani.

Usidhani ni Wendell peke yake. Madereva wengi wa kwanza wa stoki kaa walisomea shule hiyo hiyo. Junior Johnson, mmoja wa magwiji wa NASCAR mwenye ushindi mara 50, alifungwa jela kwa mambo ya pombe ya babake. Wendell alinaswa 1949, akapewa kifungo cha nje cha miaka 3. Aliendelea tu.

Makarao ndio walimpendekeza

Mwaka wa 1952 kulikuwa na saketi ndogo inaitwa Dixie Circuit iliyokuwa ikifanya mbio Danville. Promota alikuwa anataka kujaza viti, akapata wazo: tukileta dereva mweusi, mashabiki weusi wa mji huu watakuja kulipa kiingilio. Shida, hakumjua yeyote. Stori inayosimuliwa hadi leo ni kwamba walienda kuuliza polisi wa Danville, ni nani dereva mkali zaidi mweusi hapa. Makarao hawakufikiria mara mbili. Wakataja jamaa waliyekuwa wakimkimbiza usiku bila kumpata.

Tarehe 23 Mei 1952, Wendell Scott akakimbia mbio zake za kwanza kwenye uwanja wa maonyesho wa Danville. Baadhi ya mashabiki walimzomea. Gari likaharibika kabla ya kumaliza. Lakini alitoka hapo akijua hii ndiyo kazi anataka kufanya maisha yake yote.

"Mpe mzungu akuendeshee"

Kesho yake alitengeneza gari, akalivuta hadi Winston-Salem, North Carolina, kwenye mbio za NASCAR. Akafungiwa geti. Aliambiwa wazi kwamba dereva mweusi haruhusiwi. Kulingana na yeye mwenyewe, alirudi nyumbani machozi yakimlengalenga. Siku chache baadaye akajaribu High Point, jimbo hilo hilo. Huko wakampa ofa: gari linaweza kukimbia, ila ampe kijana mzungu aliendeshe. Akakataa kata kata.

Angeweza kususa. Yeye akapiga hesabu nyingine. Kama NASCAR hawamtaki, atakimbia mahali wanamtaka: Dixie Circuit na viwanja vingine vya nje ya NASCAR. Siku 12 tu baada ya mbio yake ya kwanza, akashinda kwa mara ya kwanza, mbio fupi ya wanaoanza huko Lynchburg, Virginia.

Miaka 9 ya ligi za mkoa

Hii ndiyo sehemu ambayo watu wengi huiruka, na ndiyo iliyomtengeneza. Kuanzia 1952 hadi mwisho wa 1960 Wendell aliishi kwenye viwanja vidogo, vingi vikiwa Virginia. Kuna wiki alikimbia hadi mara 5. Mchana yuko gereji akitengeneza magari ya wateja, jioni anafunga gari lake nyuma ya lori, usiku mbio, asubuhi anarudi chini ya boneti. Alishinda mbio nyingi sana kiwango hicho, makumi kwa makumi.

Ubaguzi haukuisha. Kuna madereva waliomgonga makusudi. Dereva mzungu akigongwa alikuwa anashuka na ngumi, yanaisha hapo. Wendell alijua akirusha ngumi moja, mlango unafungwa, na si kwake tu. Kwa hivyo alimeza mengi na kujibu kwa kumaliza mbele yao. Pole pole, wale wale waliomzomea wakaanza kumshangilia, na baadhi ya madereva wazungu wakawa watu wake wa kusaidiana vifaa.

Mwaka wa 1954 alipata leseni ya NASCAR kupitia Mike Poston, msimamizi wa mbio kwenye uwanja wa Richmond. Poston hakuwa mkubwa kwenye shirika. Alimuonya kwamba atasukumwa na kusumbuliwa, Wendell akasema anaweza kuhimili, karatasi ikasainiwa. Yaani mlango mkubwa ulifunguliwa na mtu mdogo.

Mwaka huo huo alikutana na Bill France mwenyewe huko Raleigh. Kwa maelezo ya Wendell, promota alikuwa amewapa madereva wazungu pesa za mafuta na kumnyima yeye. Akamfuata France, na France akatoa pesa mfukoni mwake, akamhakikishia kwamba NASCAR haitamtendea kwa rangi yake. Ahadi hiyo iweke akilini.

Mwaka wa 1959 mambo yakajipa. Alichukua ubingwa wa Sportsman kwenye uwanja wa Southside, Richmond, na pia taji la NASCAR la Sportsman la jimbo zima la Virginia. Hakupewa kwa huruma. Ubingwa wa msimu unahesabiwa kwa pointi, na pointi zinataka umalize vizuri wiki baada ya wiki.

Kupanda ligi kuu na mitumba

Tarehe 4 Machi 1961 aliingia Grand National, huko Spartanburg, South Carolina. Kuweka rekodi sawa, hakuwa mtu mweusi wa kwanza kukimbia divisheni hiyo. Elias Bowie alikuwa ameshiriki mbio moja California 1955. Lakini Wendell ndiye wa kwanza kukaa na kuifanya kazi ya msimu mzima.

Hapa ndipo tofauti ya pesa ilionekana waziwazi. Timu kubwa zilikuwa na mkono wa viwanda: magari mapya, injini za akiba, mafundi wa kulipwa, tairi za kutupa. Wendell alinunua magari yaliyotumiwa na wengine, akayakarabati kwa vifaa vilivyotumika, na mafundi wake walikuwa wanawe. Kusini mwa Marekani wakati huo hoteli na mikahawa mingi haikuhudumia weusi, kwa hivyo familia ilibeba chakula na mara nyingine kulala ndani ya gari.

Alibadilisha hata namna ya kukimbia. Ukiwa na injini moja na haujui ya wiki ijayo itatoka wapi, huwezi kukanyaga mafuta hadi chuma kilie. Unalitunza gari, unamaliza wa 7 au wa 9, unachukua zawadi, zawadi inanunua tairi, tairi zinakufikisha mbio inayofuata. Ndiyo sababu alikuwa na ushindi mmoja lakini kumi bora mara 147. Mwaka wa 1966 alimaliza msimu nafasi ya 6 kitaifa, na misimu mitatu iliyofuata hakutoka kumi bora. Fikiria hiyo kwa mtu anayejifungia nati mwenyewe.

Jacksonville: siku ya soo

Kuelewa siku hii, jua kwanza mwaka wenyewe. Juni 1963, Danville kwao, waandamanaji wa haki za watu weusi walipigwa vibaya na polisi, siku ambayo mji ule bado unaikumbuka kama Jumatatu ya Damu. Miezi sita baadaye, tarehe 1 Desemba, Wendell alikuwa Jacksonville, Florida, kwenye uwanja wa udongo wa nusu maili, raundi 200.

Alikuwa na Chevrolet aliyoinunua kutoka kwa Ned Jarrett, dereva mwenzake. Uwanja ulikuwa umechimbika, magari yakawa yanaharibika moja baada ya lingine. Zikiwa zimebaki raundi 25, akampita Richard Petty, ambaye gari lake lilikuwa limeanza kulegea. Wendell akaongoza. Akamaliza raundi 200. Bendera ya mwisho haikupeperushwa.

Akaendelea kuzunguka. Bendera ilipotoka, ilitolewa kwa Buck Baker. Baker akaenda kwenye jukwaa la washindi, akapewa kombe, akapigwa picha na mrembo wa siku hiyo. Wendell akalalamika kwa wasimamizi na kutaka karatasi zikaguliwe.

Saa kadhaa baadaye, watu wengi wakiwa wameshaenda nyumbani, jibu likatoka: Wendell Scott ndiye mshindi, na alikuwa amemwacha Baker kwa raundi 2. Sio sekunde, ni raundi mbili nzima. Alikuwa amekimbia 202 kwenye mbio za 200.

Maelezo rasmi yalikuwa kwamba ni makosa ya kuhesabu. Wendell hakuwahi kuyaamini. Maisha yake yote alishikilia kwamba hawakutaka mtu mweusi asimame jukwaani na kumbusu mrembo mzungu mbele ya umati wa Florida. Makosa ya karatasi yalikuwepo kweli enzi hizo, hata kwa madereva wazungu. Lakini kosa la kalamu haliwezi kueleza kilichofuata. Matokeo yalirekebishwa siku hiyo hiyo, alilipwa zawadi yake ya dola 1,000, na bado kombe halisi hakupewa. Mwezi mmoja baadaye, huko Savannah, alikabidhiwa kikombe cha mbao cha bei rahisi. Kurekebisha kosa la hesabu kunachukua jioni moja. Kuleta kombe kulichukua miaka 57.

Ushindi bila sponsa

Kwenye mchezo huu, ushindi ni kama tangazo. Dereva akishinda, kampuni zinapiga simu. Hakuna picha ya Wendell jukwaani, hakuna gazeti la kesho lenye kombe mkononi, na simu hazikulia. Hakuwahi kupata mdhamini mkubwa. Hasara ya Jacksonville haikuwa kipande cha chuma tu. Ilikuwa ile pesa ambayo picha moja ingeleta, na magari ambayo pesa hiyo ingenunua.

Akaendelea hivyo hivyo miaka 10 zaidi. Mei 1973, huko Talladega, Alabama, zaidi ya gari kumi zilirundikana kwenye ajali moja kubwa mapema kwenye mbio. Wendell alikuwa katikati. Alivunjika nyonga, mbavu na kuumia magoti, na gari likaisha kabisa. Alikuwa na miaka 51. Alirudi Oktoba mwaka huo kwa mbio moja Charlotte, akamaliza wa 12, kisha akaning'iniza helmeti na kurudi gereji Danville.

Filamu, katuni na kombe

Mwaka wa 1977 Hollywood ilitoa *Greased Lightning*, Richard Pryor akiigiza kama Wendell na Pam Grier kama Mary. Ni filamu ya kuchekesha na imeongeza chumvi hapa na pale, kwa hivyo usiichukue kama ushahidi. Na kama uliwatch *Cars 3* ya 2017, yule mzee River Scott alitokana na Wendell. Watoto wengi wanamjua kama gari kabla ya kumjua kama mtu.

Wendell alifariki kwa kansa Desemba 1990. Heshima zilifuata kama daladala zilizochelewa, zote kwa pamoja: barabara ya mtaa wake Danville ikapewa jina lake, 2013 jimbo la Virginia likaweka bango la historia, na 2015 akaingizwa Ukumbi wa Mashujaa wa NASCAR, Mmarekani Mweusi wa kwanza humo.

Tarehe 28 Agosti 2021, huko Daytona, NASCAR iliikabidhi familia yake kombe la Jacksonville lililotengenezwa upya. Kesho yake ndiyo angetimiza miaka 100. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Oktoba 2021, Bubba Wallace, akiendesha gari la timu ya Michael Jordan na Denny Hamlin, akawa mtu mweusi wa pili kushinda kwenye divisheni hiyo ya juu. Alishinda Talladega, uwanja ule ule uliomvunja Wendell. Mvua ndiyo iliyokatiza mbio, wasimamizi wakamtangaza mshindi, na kombe akaondoka nalo siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo mtu akikuambia Wendell Scott alishinda mara moja tu, mkubalie. Kisha umuulize swali moja: hiyo moja, aliyehesabu alikuwa nani?